UZI: Kushuti matangazo na dokumentari ukiwa Mtwara, bila kuhamia Dar

Wakuu, salaam kwenu.

Vijana wa huku Kusini wananitumia ujumbe wakiuliza jambo lile lile: mtu akitaka kuwa mtengeneza filamu wa kujitegemea, awe na kazi za biashara za kumlisha na dokumentari zake mwenyewe, ni lazima apande basi ahamie Dar? Nimeona niandike hapa mara moja, wote wasome, na wenye uzoefu waongeze.

Jibu langu ni hapana. Mtu anayeishi Mtwara, Newala, Lindi au Kilwa ana kitu ambacho kampuni ya Dar haikipati hata iwe na bajeti gani: yuko hapa mwaka mzima. Shida ni kwamba tunakiuza kwa bei ya chee. Harusi Jumamosi, maulidi Jumapili, semina ya mradi katikati ya wiki, na msimu unapita kijana hajashika kamera kwa ajili ya kazi yake hata asubuhi moja.

Kanuni ninayoishi nayo ni hii: kazi za wateja zinanunua muda, dokumentari inautumia. Faida ya tangazo naipima kwa siku itakazonipa za kushinda shambani au ufukweni na kamera bila kudaiwa na mtu. Siipimi kwa lenzi mpya. Kamera nzuri huku zipo tele, na nyingi zimefungiwa kwenye begi zinasubiri Jumamosi.

Nitoe mfano wa korosho kwa kirefu, maana ndio unaobeba uzi wote.

Kila mwaka wageni wanashuka kuanzia Oktoba. Wanashuti magunia kwenye ghala la AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, wanashuti mnada, wanamshuti mkulima akihesabu noti, wanapanda ndege. Hiyo ndiyo korosho mnayoiona kwenye video zote. Lakini mkulima wa Tandahimba atakuambia msimu wake unaamuliwa miezi mingi kabla, mwezi wa sita hadi wa nane, mikorosho inapochipua na kutoa maua na ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, unapoanza kunyemelea. Hapo ndipo watu wanaamka kabla ya adhana ya alfajiri kwenda kupuliza salfa, dawa ya ubwiriunga. Lazima iwe alfajiri, kwa sababu ile salfa ya unga inahitaji umande wa kuishikisha kwenye majani na maua, na inahitaji hewa iliyotulia. Jua likipanda na upepo wa kusi ukiamka, unga unapeperuka kwenda kwa jirani na hela yako inakwenda nao.

Sasa simama hapo na kamera. Mwanga ndio kwanza unaingia ubavuni. Kijana amebeba mashine mgongoni, amejifunga kitambaa puani, hana kingine cha kumkinga. Anavuta kamba, mashine inanguruma, na wingu la njano linapanda mpaka kwenye kilele cha mkorosho, linatanda, linaanza kushuka polepole juu yake mwenyewe. Anamaliza mstari, anazima. Katika ule ukimya wa ghafla unasikia kikohozi. Anafuta macho kwa mkono wa shati, anavuta kamba tena. Ukimya ule na kikohozi kile vinaeleza bei ya korosho kuliko mahojiano ya afisa yeyote, na huwezi kuvipata Oktoba. Huwezi kuvipata hata Julai kama umekuja kwa siku tatu, maana upepo haupangiwi ratiba. Hakuna kampuni itakayomlipia mtu hoteli wiki nzima asubiri asubuhi tulivu. Mimi nasubiri nikiwa nyumbani, nahariri video ya mteja, na hewa ikitulia mwenye shamba ananipigia simu.

(Kwa watakaokwenda: salfa ni adui wa vioo. Funga filta ya kulinda lenzi, vika kamera mfuko wa nailoni, usibadilishe lenzi shambani, na ukirudi puliza vumbi kwanza kabla ya kugusa kioo kwa kitambaa. Na nyinyi wenyewe vaeni barakoa na miwani.)

Kuna mtu aliyeishi hivi zamani, kule Kolkata, India. Satyajit Ray alikuwa mchoraji kwenye wakala wa matangazo wa D.J. Keymer. Mwaka 1952 alianza kushuti filamu yake ya kwanza, Pather Panchali, siku za mapumziko ya kazi. Akaanza na watoto wawili kwenye uwanda wa majani yenye maua meupe. Aliporudi wiki iliyofuata kumalizia, ng'ombe walikuwa wameyala maua yote. Ikabidi angoje msimu wa maua wa mwaka uliofuata. Filamu ilitoka mwaka 1955, baada ya fedha kumwishia njiani na serikali ya Bengali Magharibi kumsaidia amalize. Ile yake ilikuwa hadithi ya kuigiza, siyo dokumentari, lakini nawaomba mlitazame jambo moja: alikuwa na mshahara wa matangazo, kwa hiyo aliweza kungoja. Asiyeweza kungoja angeshuti uwanda mtupu.

Kanuni ya pili ni fupi, na naamini ni nzito kuliko ya kwanza: mtu aliyekubali kuonekana kwenye hadithi yake hajakubali kuonekana kwenye tangazo lako. Picha zisivuke huo ukuta bila yeye kuulizwa upya.

Karibuni tujadili.

Mdau wa Masasi ameandika:
Dada, umenena. Ila hapo kwenye wateja hujagusa maumivu. Nilifanya video ya mradi mmoja wa wafadhili, dakika nane, hela ikaja baada ya miezi mingi na imekatwa. Na katikati walinirudisha kufanya marekebisho hadi nikachanganyikiwa. Muda gani nimenunua hapo?

Mleta uzi:
Pole sana, kaka. Yalinikuta pia kwa mteja mwingine, na ndiyo sababu siku hizi sianzi kazi kwa maneno ya simu.

Karatasi yangu ni ya kurasa mbili, Kiswahili kitupu, na ina mambo ambayo siachii. Nusu ya malipo inaingia kabla ya kamera kutoka kwenye begi. Salio linaingia mteja akishaiona kazi kwenye kompyuta yangu au kwenye nakala yenye maandishi juu yake, kabla sijamkabidhi faili safi. Marekebisho ni awamu mbili, na kila awamu maoni yote yaje kwa pamoja kutoka kwa mtu mmoja anayetajwa jina kwenye mkataba. Hili la mtu mmoja ni muhimu kuliko mnavyodhani. Kwenye mradi utakuta mratibu anataka muziki upunguzwe, mhasibu anataka nembo iwe kubwa, na bosi wao anayekaa Dar anaitazama video kwa mara ya kwanza siku ya kukabidhi. Wakakubaliane ofisini kwao, mimi nipokee jibu moja.

Kuhusu kukatwa: ukimhudumia mteja mwenye biashara au taasisi, anatakiwa akate kodi ya zuio, kwa huduma za mkazi ni 5%. Kwa hiyo kazi ya milioni 2 inakatwa laki 1. Siyo wizi, lakini dai hati ya zuio, maana ile laki ni kodi uliyokwishalipa na utaihitaji ukifanya hesabu na TRA. Wengi wanaiacha ipotee. Na usitaje bei kabla hujaamua kama makato yamo ndani au la.

Halafu kuna gharama isiyoonekana, nayo ni diski. Kamera ikirekodi kwa megabiti 100 kwa sekunde, saa moja inakula GB 45. Ukishuti saa nne kwa siku ni GB 180, na kwa kuwa hakuna kazi ya heshima isiyo na nakala ya pili, ni GB 360 kwa siku moja. Huo ni mzigo wa mteja, uwe kwenye ankara. Nimeona vijana wazuri wakifuta dokumentari yao ya mwaka juzi ili wapate nafasi ya harusi ya kesho. Inauma sana kuona, kwa sababu bibi aliyehojiwa mle kesha fariki.

Mdau wa Lindi mjini ameandika:
Mimi nipo upande wa kampuni za gesi. Mradi wa gesi wa Likong'o ukianza kazi zitakuwa nyingi. Wanaharakati wanasema ukichukua hela ya kampuni, huwezi tena kujiita mtu wa dokumentari. Wewe unasemaje?

Mleta uzi:
Swali zuri na linatuhusu sana, kwa sababu hapa gesi ni kila kitu: Songo Songo kwako huko Lindi, Mnazi Bay na Madimba huku kwetu, na bomba linaloipeleka Dar. Mtu aliyekuwa Mtwara Mei 2013, wakati wa vurugu za kupinga bomba, anajua kwamba ukitaja gesi mbele ya kamera watu wanapima maneno hadi leo. Wanaangalia kwanza begi lako lina nembo ya nani.

Historia inasema dokumentari na fedha za kampuni zimekuwa pamoja tangu mwanzo. Robert Flaherty, yule anayetajwa kama baba wa fani hii, filamu yake ya mwaka 1922 kuhusu Wainuit wa kaskazini mwa Kanada ililipiwa na kampuni ya manyoya ya Ufaransa, Revillon Frères. Mwaka 1948 akatoa Louisiana Story, fedha zikitoka Standard Oil. Mtoto, kinamasi, mtumbwi, mnara wa kuchimba mafuta. Ni filamu nzuri mno kwa picha, na jina la kampuni halijabandikwa popote. Lakini itazame ukiwa mtu wa Msimbati, kijiji chetu cha gesi. Mafuta yanaingia kwa upole, yanachimbwa, wachimbaji wanaondoka, na kijiji hakiulizi hata swali moja. Yule mtoto hana mjomba wa kuuliza fidia ya shamba? Hapo ndipo utaona fedha imekaa wapi: imekaa kwenye maswali ambayo hayakuulizwa.

Upande mwingine kuna Housing Problems ya mwaka 1935, Uingereza, ya Arthur Elton na Edgar Anstey. Nayo ililipiwa na watu wa gesi, chama cha wauzaji wa gesi cha huko. Ila wale waliwapa wakazi wa nyumba mbovu za London nafasi ya kuikabili kamera na kueleza wenyewe, kwa lafudhi yao, jinsi panya na unyevu vinavyowatesa. Kwa wakati ule lilikuwa jambo geni kabisa. Wauzaji wa gesi walipata walichotaka, maana nyumba mpya zingetumia gesi, lakini wale akina mama walisikika.

Kwa hiyo sisemi ukatae. Mimi mwenyewe nimefanya video za usalama kazini na sioni aibu, mfanyakazi akijua kuvaa kofia ngumu ni jambo jema. Ninachosema ni kwamba kama mkataba unampa mlipaji neno la mwisho juu ya kinachobaki na kinachokatwa, hiyo ni filamu yake. Iite filamu ya kampuni, ifanye vizuri, pokea hela yako. Usiipeleke kijijini ukiita dokumentari. Na dokumentari yako kuhusu gesi ifanye kwa fedha isiyotoka kwenye gesi, hata kama itachukua miaka. Hapo ndipo harusi zinapopata heshima yake, maana bwana harusi hana masilahi na bomba.

Na wenzetu wa miradi ya maendeleo wasijione wako salama. Kati ya mwaka 1935 na 1937, Waingereza waliweka kituo cha filamu Vugiri, kule Usambara, mradi ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment. Walitengeneza zaidi ya filamu 30 za kumfundisha Mwafrika kilimo, afya, kuweka akiba. Mkulima ndani ya filamu zile alikuwa mtu wa kuelekezwa. Sasa chukua video kumi za miradi ya leo. Mtaalamu mwenye fulana ya mradi anaeleza, mkulima anatikisa kichwa, mwisho mkulima anashukuru. Miaka karibu 90 na mpangilio ule ule! Unaweza kuubadilisha hata ndani ya kazi ya mteja: mwache mkulima aanze kueleza, mtaalamu amfuate. Nimewapendekezea wateja kadhaa na hakuna aliyekataa, wala hawakuwahi kufikiri kuna namna nyingine.

Mdau wa Dar ameandika:
Mkuu, tuwe wakweli. Dokumentari hailipi. Una picha nzuri za korosho, za bahari, za ngoma. Ziuze kwa wanaotengeneza matangazo, ule. Huo ukuta wako ni anasa ya mtu asiye na watoto.

Mleta uzi:
Nina watoto, kaka, na wanasoma.

Nikueleze lililotokea. Yule kijana wa salfa niliyemtaja juu, mteja mmoja aliona sekunde chache za picha zake kwenye simu yangu. Akataka kuzinunua hapo hapo kwa tangazo la bidhaa ya shambani, na bei ilikuwa ya kumfanya mtu anyamaze. Lakini kijana alikuwa ameniambia mbele ya baba yake kwamba anakubali nishuti ili watu waone kazi ya kupuliza ilivyo. Macho yake mekundu ni ushahidi wa jambo analolilalamikia. Ningeyaweka kwenye tangazo, yangegeuka kuwa sifa ya bidhaa ya mtu, na mwaka unaofuata ningerudi shamba lile na uso gani?

Nilimwambia mteja: picha hizi haziuzwi, ila naweza kukushutia nyingine, na anayeonekana analipwa kama mshiriki wa tangazo. Nikamrudia kijana, nikamweleza ni tangazo, la nani, litaonekana wapi, na kiasi gani. Akajadiliana bei mwenyewe, akaipandisha. Tukashuti akiwa na barakoa na miwani, kwa sababu tangazo lazima lionyeshe kazi salama. Mteja akapata chake, kijana akapata chake, nami nikalipwa kazi nzima badala ya klipu moja. Dokumentari ikabaki safi.

Mimi nina fomu mbili za ridhaa. Ya tangazo inataja malipo, muda wa matumizi na mahali litakaporushwa. Ya dokumentari inataja filamu ile tu, na ina mstari unaosema mhusika ataiona kabla haijaonyeshwa kwa watu. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ridhaa si jambo la kuchezea tena kwa anayefanya biashara na sura za watu. Na asiyesoma, msomee mbele ya mtu wake, urekodi sauti mkiwa mnaisoma.

Kuhusu kulipa: Errol Morris wa Marekani ni mmoja wa watu wa dokumentari wanaoheshimika zaidi duniani. Filamu yake ya mwaka 1988 ilichangia mtu aliyefungwa kwa mauaji asiyoyafanya kutolewa gerezani. Huyo huyo ameshuti matangazo mengi, yakiwemo ya Apple ya mwaka 2002, watu wa kawaida wakiongea kwenye mandhari nyeupe. Ukiyaona unajua ni jicho lile lile la mahojiano. Ustadi unavuka ukuta kila siku, kaka. Kinachobaki upande wake ni sura ya mtu na neno alilokupa.

Mdau wa Newala ameandika:
Dada shikamoo. Mimi nashuti ngoma za unyago, familia zinalipa vizuri mtoto akitoka. Nataka nifanye dokumentari ya jando na mapiko, zile ngoma zetu za vinyago. Nianzie wapi? Kwa mwenyekiti wa kijiji?

Mleta uzi:
Marahaba mdogo wangu. Mwenyekiti na mtendaji utawaona, ndiyo, hata kwa adabu tu. Lakini wewe ni mtoto wa huku, unajua mtoto wa Kimakonde ni wa nani. Baba akikuruhusu na mjomba hajaambiwa, hujaruhusiwa. Nimeona shuti nzima ikisimama kwa sababu mjomba alikuwa Mtwara mjini na hakuna aliyempigia simu. Anza kwake. Nenda bila kamera, nenda tena bila kamera, na ya tatu atakuuliza mwenyewe kamera iko wapi.

Kuhusu mapiko, shuti uwanjani tu. Lipiko akiwa anacheza ni wa kila mtu. Lipiko akivalishwa ni siri ya waliopita jandoni, na nani yuko ndani ya kile kinyago si habari ya kuuza. Najua picha ya mtu akifunga kinyago kichwani ndiyo ambayo wageni wataisifia. Iache. Mimi ni mwanamke, upande wa unyago naingia hadi ndani na yale ya ndani nayajua, na sijawahi kuwasha kamera kule. Shuti siku ya kutoka: kanga mpya, vigelegele, mama anavyolia akimwona binti yake, bibi anavyomtazama mama akilia. Filamu nzima iko pale na hakuna aliyevuliwa nguo.

Jambo la ufundi. Ngoma zile ukirekodi kwa maiki ya kamera peke yake, sauti inapasuka na nyimbo hazisikiki maneno. Weka kinasa sauti pembeni, mbali kidogo na wapigaji, karibu na wanaoitikia. Nyimbo zenyewe ziandike neno kwa neno na mama anayezijua, Kimakonde na Kiswahili chake, kabla hujaanza kuhariri. Ukihariri bila kuelewa maneno utakata wimbo katikati ya jina la marehemu.

Mdau wa Kilwa Masoko ameandika:
Na sisi wa magofu? Kila mtu anarusha droni juu ya Kisiwani, video zote zinafanana. Pia nisaidie la vibali.

Mleta uzi:
Vibali kwanza, niyamalize haraka. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 bado ndiyo mama, ikiwa na marekebisho yake, kwa hiyo kushuti filamu ni kwa kibali cha Bodi ya Filamu, na filamu inakaguliwa kabla ya kuonyeshwa. Dokumentari imo. Droni ina kibali chake, anza na Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Magofu yana msimamizi wake, muone kabla ya kupanda jahazi. Halafu barua ya wilaya, halafu kijiji. Vipige picha kwa simu vibali vyote, uwe navyo hata mahali pasipo mtandao.

Sasa Kisiwani. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingia kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 1981. Mwaka 2004 yakawekwa kwenye orodha ya yaliyo hatarini, mwaka 2014 yakatolewa. Ile miaka 10 katikati ndiyo hadithi, kaka! Kuta zilikuwa zinaanguka, mawimbi yanakula ufukwe upande wa Gereza, ile ngome ya kale, na kuna watu walioziba, waliojenga, waliochoma chokaa. Wengine wako hapo Masoko na hapo Kisiwani kwenyewe, maana kile kisiwa kina kijiji, watoto wanapita kando ya Msikiti Mkuu wakienda zao. Ukiwa na kazi ya hoteli au ya utalii, rusha droni, wape wanachotaka. Ukiwa kwenye muda wako, kaa na fundi mmoja aonyeshe kwa mikono yake jiwe la matumbawe linavyokaa kwenye chokaa. Usiongee juu ya picha zake. Flora M'mbugu-Schelling, Mtanzania mwenzetu, alifanya hivyo mwaka 1992 kwa wanawake wakimbizi kutoka Msumbiji waliokuwa wakiponda mawe Kunduchi. Nyundo, jua, nyimbo za Kimakonde, karibu bila msimuliaji. Anayetaka kujifunza kunyamaza kama mwongozaji aitafute These Hands.

Na kwa watu wote wa pwani: chumvi na unyevu vinaotesha ukungu ndani ya lenzi. Zihifadhi kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko wa kubana na vile vifuko vya kunyonya unyevu, zitoe juani kila baada ya muda. Wakati wa kusi maiki bila manyoya ya kuzuia upepo haina kazi.

Mdau wa Masasi ameandika:
La mwisho dada. Ukimaliza unaipeleka wapi? ZIFF, lile tamasha la filamu la Zanzibar?

Mleta uzi:
ZIFF ndiyo, Zanzibar iko karibu na inachukua dokumentari. Tamasha ni mahali pa kukutana na wanaoweza kulipia kazi ijayo.

Ila kwangu onyesho la kwanza ni kijijini, kabla sijaifunga filamu. Shuka mbili nyeupe zilizoshonwa pamoja, jenereta nyuma ya nyumba ya mwenye shamba ili isisumbue sauti, na spika ya kukodi. Watu wanabishana kwa sauti filamu ikiendelea. Safari iliyopita mzee mmoja alisimama akasema kipande cha mwanawe akisema "tulipata hasara" kinadanganya, kwa sababu nimekata maneno yaliyofuata, kwamba hasara ilikuwa ya shamba la juu tu. Mwanawe akasema kiache. Wakavutana, na akina mama wakaingilia. Nilirudisha maneno yote kama yalivyotamkwa, na filamu imekuwa ndefu kidogo.

Msimu huu nataka kuonyesha Masasi na Nachingwea, minada ikishapoa na watu wana nafasi. Projekta yangu mwanga wake ni hafifu kwa uwanja mkubwa. Mwenye nayo ya kukodisha upande huo aniandikie hapa hapa, aseme ina nguvu gani na bei ya usiku mmoja.